Unyogovu wa uzazi hauishi na arobaini

KATIKA mwambao wa Kenya, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi na hutunzwa kwa siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji na kuondolewa kazi nzito. Arobaini ikitimia, jamaa hutawanyika na mzazi hubaki na mtoto, jiko na ndoo za maji.

Unyogovu wa uzazi haufuati hesabu hiyo. Unaweza kuanza mimba ikiwa changa, au wakati wowote katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban asilimia 16 ya waja wazito na asilimia 20 ya waliojifungua hupatwa na matatizo ya akili, hasa unyogovu.

Si kila chozi ni ugonjwa. Wanawake wengi hulialia siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, homoni zinaposhuka ghafla. Hali hiyo hutoweka yenyewe kabla ya wiki mbili kupita. Huzuni ikizidi muda huo, yafaa mhudumu wa afya aarifiwe.

Dalili za unyogovu ni pamoja na kukosa usingizi hata mtoto alalapo, kutotamani chakula, kujilaumu, hasira zisizo na sababu, na kumwangalia mtoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Walio katika hatari zaidi ni wale waliowahi kuugua unyogovu, wanaopigwa nyumbani, waliofiwa na mtoto au wanaolea bila msaada.

Maneno ya jamaa yana uzito. Kumwambia mgonjwa kwamba anadeka, au kwamba amshukuru Mungu kwa sababu wengine hawajajaliwa watoto, humfunga kinywa. Afadhali aulizwe anavyolala na anavyojihisi, kisha asikilizwe bila kukatizwa. Kumuuliza waziwazi iwapo anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Aghalabu humpa nafasi ya kusema.

Msaada wa vitendo haupungui thamani kwa udogo wake. Anayefua nguo za mtoto, kuteka maji au kumbeba mtoto saa chache za usiku humpa mama usingizi, nao ni sehemu ya tiba. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwajiriwa wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na mumewe wiki mbili. Kwa hivyo, familia yapaswa kupanga mapema ni nani atakayeshika zamu mume atakaporudi kazini.

Ratiba ya chanjo nayo inatoa fursa. Mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ziara ya kwanza kati ya hizo huja siku mbili tu baada ya arobaini. Mtoto hupimwa uzito na kudungwa sindano, lakini hali ya mama yaweza kupita bila kutajwa. Jamaa anayemsindikiza, kwa idhini yake, anaweza kumweleza muuguzi aliyoyaona nyumbani.

Ugonjwa huu unatibika kwa ushauri nasaha na, inapobidi, kwa dawa. Baadhi ya dawa hizo zaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, mradi ziwe zimeagizwa na daktari. Asiziache ghafla kwa ushauri wa majirani.

Kuna hali moja isiyongoja miadi. Mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000 hurukwa na akili, hasa katika wiki mbili za kwanza: husikia sauti, hushuku watu au hukesha bila kuchoka. Huyo, pamoja na anayetaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aliyekwisha kuzaa naye asiachwe afiche maradhi yake.