Fowadi Aliyerudi Kwao

Arthur Beetson alizaliwa Queensland, akajifunza raga Queensland, kisha kwa miaka mingi akaivalia jezi New South Wales ilipokutana na Queensland. Hakuwa msaliti. Kanuni ya raga ya ligi nchini Australia ilisema mchezaji huwakilisha jimbo ambako klabu yake ipo, wala haikujali kitovu chake kilizikwa wapi. Alipojiunga na klabu ya Sydney mwaka 1966, papo hapo akawa mpinzani wa nyumbani kwao.

Safari yake ya uchezaji, na ya ukocha iliyofuata, haieleweki bila kanuni hiyo. Na kanuni yenyewe haieleweki bila kujua mchezo huu ulizaliwaje.

Raga ya ligi si ile ya wachezaji 15 inayojulikana zaidi Afrika Mashariki. Chimbuko lake ni kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1895, viongozi wa klabu za huko walipokutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield wakaamua kujitenga na chama kikuu cha raga. Ugomvi ulikuwa wa fedha. Wachimba makaa na vibarua wa viwandani walipokwenda kucheza Jumamosi walikosa ujira wa siku hiyo. Klabu zao zilitaka kuwafidia. Wakubwa wa chama, watu ambao hawakuwa na shida ya ujira wa siku, wakakataa katakata. Walioasi wakaendesha mchezo wao wenyewe. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji hadi 13 kila upande, na kidogo kidogo kanuni zikaachana mpaka ikawa michezo miwili. Sydney ilianzisha chama chake mwaka 1907, mechi za ligi zikaanza 1908, na Queensland haikukawia kufuata.

Kwa hiyo huu ni mchezo uliosimama juu ya haki ya mfanyakazi kulipwa jasho lake. Haki hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuikausha Queensland. Mwaka 1956 serikali ya New South Wales iliruhusu mashine za kamari katika klabu za wanachama, na klabu za raga za Sydney zikapata mapato ambayo Brisbane haikuweza kuyafikia, maana sheria ya Queensland iliendelea kuzikataza mashine hizo kwa miongo kadhaa. Kijana mwenye kipaji alifuatwa, akawekewa mkataba mezani, akaenda kusini. Msimu wa mechi za majimbo ulipofika, alijikuta anawaangusha watu aliokua nao. Queensland ilitwaa mfululizo wa mechi hizo mwaka 1959, kisha ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kutwaa mwingine.

Beetson alizaliwa tarehe 22 Januari 1945 huko Roma, mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe ulio karibu kilomita 480 magharibi mwa Brisbane. Alikuwa wa asili ya Waaborijini, wenyeji wa kale wa Australia. Alianza kujulikana akiwa na Redcliffe, timu ya mji wa pwani jirani na Brisbane, na mwaka 1965 alikuwamo katika kikosi kilichoipa klabu hiyo ubingwa wa ligi ya Brisbane. Mwaka uliofuata Balmain ya Sydney ikamchukua, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaitwa timu ya taifa.

Hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mwaka huo wa 1966, katiba ya Australia ilikuwa bado inaagiza kwamba Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Kifungu hicho kilifutwa baada ya kura ya maoni ya Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono mabadiliko. Yaani Beetson alipovaa jezi ya kijani na dhahabu kwa mara ya kwanza, nchi aliyoipigania uwanjani haikuwahesabu Waaborijini. Miaka saba baadaye, mwaka 1973, aliiongoza Australia dhidi ya Ufaransa akiwa nahodha, Muaborijini wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Australia katika mchezo wowote.

Kati ya miaka hiyo miwili njia haikuwa laini. Alikuwa mtu wa zaidi ya kilo 100 aliyependa kula, na waandishi wa Sydney walimpachika jina la Artie wa nusu mechi, wakidai pumzi yake huishia mapumzikoni. Alikwenda Uingereza kuichezea Hull Kingston Rovers, akavunjika mguu. Mwaka 1969 Balmain iliishangaza Sydney yote kwa kuifunga South Sydney 11–2 katika fainali, lakini Beetson hakuwamo: alikuwa amefungiwa baada ya kutolewa nje katika mechi ya mtoano. Ukiishia hapo, utadhani ni habari ya kipaji kilichopotea.

Aliyoyafanya na mpira mkononi yanakanusha kabisa jina lile. Kazi ya fowadi katika raga ya ligi ni ngumu na haina sifa nyingi. Hupokea mpira akiwa katika mwendo, hujitosa kwenye ukuta wa watu, husogeza timu mita chache, huangushwa, huinuka, huurudisha mpira nyuma kwa mguu, kisha mwenzake hurudia. Mafowadi wengi wa enzi yake waliona kazi imekwisha pale walipokamatwa. Kwa Beetson ndipo ilipoanza. Alikubali kukabwa na watu wawili au watatu, akaubakiza mkono mmoja huru juu ya mabega yao, akasubiri mpaka aone mwenzake anakuja kwa kasi, kisha akamwachia mpira. Wale waliomng'ang'ania wakawa hawapo tena kwenye ulinzi, na pengo likawa wazi. Hesabu ni rahisi kuielewa. Kuifanya huku umebanwa shingo na kiuno kulihitaji mikono ya ajabu na utulivu wa moyo. Mafowadi wanaosifiwa leo kwa pasi za namna hiyo wanatembea katika njia aliyoipasua yeye.

Mwaka 1971 alihamia Eastern Suburbs, na mwaka 1974 akaja kocha aliyemkamilisha. Jack Gibson alikuwa mtu wa maneno machache aliyekwenda kujifunza kwa makocha wa kandanda ya Marekani, na aliporudi Sydney alianza kuhesabu vitu ambavyo watu walikuwa wakivikadiria kwa macho tu: nani amekaba mara ngapi, nani amekosa kumkaba mtu. Chini yake Beetson akawa nahodha wa timu iliyotwaa ubingwa wa 1974 kwa kuifunga Canterbury 19–4. Mwaka 1975 ilishinda mechi 19 mfululizo, kisha ikaibomoa St George 38–0 katika fainali. Siku hiyo Graeme Langlands, nyota wa St George, aliingia uwanjani na viatu vyeupe, jambo geni wakati ule, baada ya kuchomwa sindano ya kuua maumivu ambayo badala ya kumsaidia iliuacha mguu wake ukiwa na ganzi. Watu wakavikumbuka viatu. Aliyeiongoza timu iliyofunga alama 38 alistahili kukumbukwa zaidi.

Mwaka 1977 aliiongoza Australia kutwaa Kombe la Dunia, ikiishinda Uingereza 13–12 mjini Sydney. Mwaka huohuo alikuwa mchezaji na kocha kwa pamoja wa Eastern Suburbs. Ndipo ukocha wake ulipoanzia, uwanjani, jezi ikiwa bado mwilini.

Kufikia 1980 alikuwa na miaka 35, yuko Parramatta, mara nyingine akicheza timu ya akiba. Huko Brisbane, Seneta Ron McAuliffe, aliyekuwa akiongoza chama cha raga ya ligi cha Queensland, alikuwa anapigania jaribio: mechi moja ambamo kila mchezaji angelichezea jimbo alikoanzia mchezo. New South Wales ilikuwa imeshazishinda mechi mbili za mwaka huo kwa kanuni ya zamani, kwa hiyo ya tatu haikuwa na cha kupoteza. Wengi mjini Sydney waliidharau. Bob Fulton, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea Australia, hakuona kama ni tukio lolote la maana.

Queensland ikamteua Beetson kuwa nahodha. Alikuwa ameichezea New South Wales na Australia, lakini jezi ya rangi ya damu ya mzee ya wakubwa wa kwao hakuwahi kuivaa.

Tarehe 8 Julai 1980 mashabiki zaidi ya 33,000 walijaa Lang Park, uwanja wa Brisbane. Mwamuzi, Billy Thompson, aliletwa kutoka Uingereza ili asiwe wa upande wowote. Mechi ilikuwa na ghasia, na tukio moja halijaacha kusimuliwa mpaka leo: Beetson alimkaba Mick Cronin wa New South Wales kwa mkono uliompata juu. Cronin alikuwa mwenzake wa klabu, watu waliofanya mazoezi pamoja Parramatta. Masimulizi yaliligeuza kuwa konde la kihistoria. Mimi naona ukubwa wa jambo hauko katika nguvu ya mkono ule. Waliokuwa jukwaani waliona mtu akimkabili rafiki wa kazini kwa ajili ya kwao, na shaka yao kwamba wachezaji wa Sydney wangecheza kwa upole dhidi ya wenzao wa klabu ikaisha pale pale.

Queensland ilishinda 20–10. Kerry Boustead na Chris Close walifunga trai, zilizokuwa na alama tatu kila moja wakati huo. Kijana Mal Meninga, aliyetimiza miaka 20 siku hiyohiyo, alipiga mikwaju saba na yote saba ikaingia. Kijana mwingine, Wally Lewis, naye alikuwamo kikosini.

Mwaka 1981 Beetson alipewa ukocha wa Queensland na alitarajiwa kucheza pia, lakini jeraha likamzuia na Lewis akachukua unahodha. Katika mechi ya aina hiyo ya mwaka huo timu ilibaki nyuma 15–0, ikarudi, ikashinda 22–15. Mwaka 1982 mechi za majimbo zikawa mfululizo kamili wa mechi tatu kwa kanuni mpya, na Beetson akaishindia Queensland ule wa 1982, wa 1983 na wa 1984. Wanaompima kocha kwa vikombe vya klabu humwona wa kawaida: alirudi Eastern Suburbs kuanzia 1985 hadi 1988, akaifikisha hatua moja kabla ya fainali mwaka 1987, akaifundisha Cronulla mwaka 1992 na 1993, na hakutwaa ubingwa wa Sydney akiwa kocha. Kipimo hicho hakimtoshi. Alichukua jimbo lililozoea kufungwa, lililoamini kwamba vijana wake bora ni mali ya wengine, akalifanya litazamie kushinda. Kazi ya namna hiyo haiandikwi kwenye msimamo wa ligi.

Alirudishwa tena kuifundisha Queensland mwaka 1989. Ikashinda mechi zote tatu. Ya pili, mjini Sydney, ni ya kusimuliwa. Allan Langer alitoka na mguu uliovunjika. Meninga alitoka na mfupa wa jicho uliopasuka. Paul Vautin na Michael Hancock nao wakaumia. Bob Lindner alizidi kukimbia na mguu uliovunjika. Nafasi za kubadilisha wachezaji zikaisha, na katikati ya hayo Lewis akapasua ulinzi, akakimbia mpaka kwenye kona na kufunga trai. Queensland ilishinda 16–12. Mwaka 1990 ikapoteza mfululizo, na Graham Lowe wa New Zealand akachukua nafasi.

Baadaye Beetson alifanya kazi ya kutafuta vipaji kwa ajili ya klabu yake ya zamani ya Eastern Suburbs, akizunguka viwanja vya miji midogo kama ule aliotoka. Tofauti na enzi zake, kijana aliyemchukua hakupoteza tena haki ya kulichezea jimbo lake. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya Wasiokufa, heshima ya juu kabisa katika raga ya ligi ya Australia, akiwa mtu wa saba tu kuipata na Muaborijini wa kwanza.

Alifariki tarehe 1 Desemba 2011, akiwa na miaka 66, alipokuwa akiendesha baiskeli huko Gold Coast. Wakati huo kocha wa Queensland alikuwa Meninga, yule kijana wa mikwaju saba. Chini yake jimbo hilo lilitwaa mifululizo minane bila kukatika, kuanzia 2006 hadi 2013, na sita kati ya hiyo Beetson aliishuhudia.