KAHAWA YA KUKESHA NA KAHAWA YA KULALA



Mwezi wa Ramadhani mitaa yetu huwa hailali. Tarawehe zikimalizika, wazee hukusanyika barazani, na muuza kahawa hupita na dele lake, makaa yakiwaka chini, vikombe vikigongana mkononi mwake. Hapo ndipo nilipomsikia mzee wetu mmoja akiuliza swali lililonifanya niandike makala haya.

Mzee huyo daktari alimwambia apunguze kahawa. Usingizi hapati, moyo unamwenda mbio, na mchana swaumu inamlemea. Mjukuu wake akamletea mkebe wa kahawa iliyotolewa kafeini. Mzee akaonja, akakitazama kikombe, akasema: "Ewe mjukuu wangu, hii ni kahawa ama ni maiti ya kahawa?" Baraza zima likacheka. Lakini hebu tulichukue swali lake kwa uzito. Ukiitoa kafeini, kahawa inabaki kahawa? Ili kulijibu, inatubidi turudi nyuma miaka mia sita hivi.

Ilianzia kwenye ibada

Mti wa kahawa asili yake ni Ethiopia. Ama kinywaji chenyewe, habari za wazi za mwanzo zinatoka Yemen katika karne ya 15. Waliokinywa ni Masufi, na hawakukinywa kwa starehe. Walitaka kitu cha kuwafukuzia usingizi ili wasimame usiku kwa dhikri. Mmoja anayetajwa sana ni Sheikh Muhammad al-Dhabhani wa Aden, aliyefariki takriban mwaka 1470. Wengine humtaja Sheikh Ali bin Umar al-Shadhili wa mji wa Mokha.

Mwanzoni mwa karne ya 16 kahawa ilikuwa imeshafika Cairo, kwa Wayemeni waliokaa Al-Azhar. Al-Jaziri, mwandishi wa karne hiyo hiyo, ameeleza walivyofanya. Kila usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa walikusanyika, kahawa ikawekwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akawachotea mmoja mmoja kuanzia kulia, huku wakileta dhikri. Majina yetu wenyewe yanashuhudia njia hiyo: kahawa inatokana na neno la Kiarabu qahwa, na buni ni bunn.

Kesi ya Makka, 1511

Neno qahwa liliwahi kuleta matata, kwa kuwa Waarabu wa zamani walilitumia pia kuitia mvinyo. Mwaka 1511, Kha'ir Beg, muhtasibu wa Makka chini ya utawala wa Wamamluki, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kahawa. Hakupendezwa. Akawaita wanazuoni, akaleta na matabibu wawili waliosema kahawa inadhuru mwili. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alisimama akadai kahawa inalevya kama mvinyo. Akaulizwa, wewe mvinyo umeujulia wapi? Akakiri kuwa amewahi kuuonja, basi akaadhibiwa yeye!

Kahawa ikapigwa marufuku, buni zikachomwa barabarani. Lakini jibu la Sultani lilipotoka Cairo lilikuwa jepesi zaidi: yakatazwe mikusanyiko yenye maovu, ama kinywaji chenyewe hakikuharamishwa. Tuliweke akilini jambo hili, tutalirudia.

Kitu gani kinachokesha?

Kwa karne kadhaa watu walijua kwamba kahawa inakesha, ila hawakujua kwa nini. Mwaka 1819 mwanakemia kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alikutana na mshairi mashuhuri Goethe, ambaye alimpa buni akamwambia azichunguze. Runge akazichambua, akakipata kitu chenyewe. Hicho ndicho tunachokiita kafeini.

Leo tunajua kinavyofanya kazi. Ubongo unapochoka hujaa kemikali iitwayo adenosini, nayo ndiyo inayokuambia "nenda kalale". Kafeini huja ikakaa mlangoni pake, ujumbe usipite. Uchovu haujaondoka. Umefichwa tu.

Mfanyabiashara wa Bremen

Aliyefaulu kuitoa kafeini kibiashara ni Ludwig Roselius, wa mji wa Bremen, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba shehena ya buni zake ililoa maji ya bahari safarini, na zilipopimwa zikaonekana zimepoteza kafeini nyingi bila ladha kuharibika sana. Baba yake alikuwa muonjaji wa kahawa, na Roselius aliamini kahawa ndiyo iliyomuua. Mwaka 1906 akaanzisha kampuni ya Kaffee HAG. Buni mbichi zilipigwa mvuke, kisha zikaoshwa kwa benzini. Kafeini ilitoka kweli, lakini baadaye ikajulikana kwamba benzini inasababisha saratani, basi njia hiyo ikaachwa.

Siku hizi ziko njia kadhaa, na zote hufanywa kabla buni hazijakaangwa. Wengine hutumia kemikali ya methilini kloridi. Sheria ya Marekani hairuhusu ibaki zaidi ya sehemu 10 katika milioni kwenye kahawa iliyokaangwa. Wengine hutumia maji matupu na makaa maalumu ya kunasa kafeini. Na wengine hutumia kaboni dayoksaidi iliyokandamizwa kwa nguvu, njia iliyovumbuliwa na Kurt Zosel huko Ujerumani mwaka 1967. Kafeini inayotolewa haitupwi, bali huuziwa watengenezaji wa soda na dawa.

Tuzilinganishe

Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kawaida huwa na takriban miligramu 95 za kafeini. Iliyotolewa kafeini huwa na miligramu 2 hadi 5 hivi, mara nyingine zaidi. Kwa hivyo si kweli kwamba haina kabisa. Mtu aliyekatazwa kafeini moja kwa moja na daktari asijidanganye kwa kunywa vikombe kumi.

Ladha yake ni pungufu kidogo, kwa sababu katika kuoshwa buni hupoteza na vitu vingine. Hata hivyo sehemu kubwa ya vitu vyenye faida ndani ya kahawa hubaki. Asidi pia hubaki, basi mwenye vidonda vya tumbo asidhani amesalimika.

Kwa mfungaji, tofauti kubwa iko katika saa. Kafeini huchukua kama saa tano ili nusu yake iondoke mwilini. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa za daku nusu bado umo nayo. Ikiwa umekusudia kusimama usiku, sawa, ndivyo walivyofanya watu wa Yemen. Lakini ikiwa unakesha kwa soga tu, kisha Alfajiri ikupite umelala, hapo umejidhulumu.

Na kile kichwa kinachokuuma siku za mwanzo za Ramadhani, usiilaumu swaumu. Aliyezoea kahawa kila siku akiikata ghafla, kichwa huanza kumuuma baada ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo yaweza kuendelea siku 2 hadi 9. Dawa yake ni kuanza kupunguza Shaabani: leo vikombe vitatu, wiki ijayo viwili, ama uchanganye kidogo kidogo na isiyo na kafeini.

Turudi barazani

Sasa tumjibu mzee wetu. Kwa Masufi wa Aden, kahawa isiyokesha ingekuwa maiti kweli, maana waliitaka kwa ajili ya kukesha tu. Lakini tuikumbuke kesi ya Makka. Muhtasibu hakukasirishwa na buni peke yake. Kilichomtia wasiwasi ni watu kukaa pamoja usiku, na hata Sultani alipojibu, alitenganisha kinywaji na kikao. Kahawa basi tangu zamani ina mambo mawili ndani yake, kukesha na kukutana. Mjerumani yule aliweza kulitoa la kwanza. La pili hakuligusa.

Mzee tulimwona tena kumi la mwisho. Alikuwa pale pale pake barazani, kikombe mkononi, ameagiza nyumbani wamchanganyie nusu kwa nusu. Tukamuuliza, je mzee, ni maiti? Akacheka: "Huyu si maiti. Huyu amelala, na mimi sasa nalala kama yeye."

Mwenyezi Mungu azikubali swaumu zetu na visimamo vyetu. Amin.