Nchi Isiyo na Magofu? Njia ya Kihistoria kutoka Biharamulo hadi Rusumo

Kila mwaka wasafiri wengi, na miongoni mwao vikundi vya sharika za Kikristo, huongozwa kupita katika nchi ya kale ya Waetruski kabla ya kuufikia mji wa Rumi. Huonyeshwa makaburi ya Cerveteri na Tarquinia, huonyeshwa barabara na kuta za Warumi, nao hurudi makwao wakisema kwamba wameiona historia kwa macho. Tumesikia mara kwa mara wanafunzi wa theolojia wakilinganisha safari za namna hiyo na hali ya kwetu, nao hukata shauri upesi: sisi hatuna magofu, kwa hiyo hatuna cha kumwonyesha mgeni ila milima na mbuga za wanyama. Katika makala haya twapenda kuipima kauli hiyo kwa kuipita njia moja tu katika Mkoa wa Kagera, itokayo Biharamulo na kuishia penye daraja la Rusumo wilayani Ngara.

Lakini kwanza yafaa tuwatazame Waetruski wenyewe, kwa maana habari zao ziko karibu na zetu kuliko tunavyodhani. Watu hao waliikaa nchi iliyo kati ya mito Arno na Tiber. Warumi waliuteka mji wao wa Veii mwaka 396 K.K., na Volsinii mwaka 264 K.K., na baada ya hapo walimezwa kidogo kidogo hata lugha yao ikatoweka. Herufi zao zasomeka, kwa kuwa zilitokana na za Wayunani, lakini maana ya maneno mengi haijulikani mpaka leo. Vitabu vyao vimepotea. Masimulizi tuliyo nayo juu yao yaliandikwa na Wayunani na Warumi, yaani washindani wao. Walikuwa wafua chuma hodari: mawe ya chuma yalitoka kisiwa cha Elba na kuyeyushwa Populonia, pwani. Mavi ya chuma yaliyomwagwa hapo yalikuwa mengi hata yakayafunika makaburi yao wenyewe, na katika karne ya 20 wenye viwanda walipoyachimba ili wayayeyushe tena, makaburi hayo yakaonekana. Basi mwongozaji mwema katika nchi ile ni yule awezaye kumsimamisha mgeni mbele ya rundo la takataka na kumweleza lililo chini yake.

Tuje sasa Biharamulo. Mgeni akifika mjini hupelekwa moja kwa moja kwenye boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni jengo la kutazamwa, nasi hatusemi lisionyeshwe. Kuta zake nene zaeleza wazi jinsi watawala wachache walivyowaogopa watu wengi. Ila yapasa kukumbuka kwamba utawala uliolijenga haukufikisha hata miaka 20 ndani yake, maana mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yaliwafukuza Wajerumani katika nchi hizi. Jengo la mawe limemshinda mwenyeji kwa sababu moja tu, kwamba mawe hayaozi. Majumba ya watawala wa Kihinda wa Rusubi yalijengwa kwa miti na nyasi. Mtawala alipokufa au alipohama, jumba lilirudi kuwa udongo. Wenyeji hawakukosa ufundi. Ufalme kwao ulikaa katika mtu, na ngoma, na kaburi, wala haukuhitaji ukuta. Anayetafuta ukuta hapa ameleta swali la mahali pengine.

Ufalme huo waliujua wasafiri kabla ya Wajerumani kufika. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake Grant, alipita Usui, ndilo jina walilolitumia watu wa misafara kwa Rusubi, akielekea Karagwe kwa Rumanika. Mtawala wa Usui, Suwarora, alimtoza hongo kubwa ya nguo na waya, wala hakukubali kuonana naye. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, Speke alimlaumu sana. Sasa tuangalie hali ilivyo: jina la Suwarora limefika kwa wasomaji wa ulimwengu kwa kalamu ya mgeni aliyekasirishwa naye. Ndivyo ilivyowapata Waetruski kwa Warumi. Tukilisoma shitaka hilo kwa utulivu, twaona ndani yake mtawala aliyejua njia ya misafara ina thamani gani, aliyekuwa na watu wa kumkusanyia ushuru, na aliyeweza kumkalisha Mzungu mwenye bunduki akingoja ruhusa. Hati ya adui huhifadhi mengi asiyokusudia, kama wajuavyo wanafunzi wetu waliojifunza kusoma waandishi wa Kirumi juu ya Wakristo wa kwanza.

Jambo linalotupasa kukawia zaidi katika wilaya hii ni chuma. Katika nchi ya Biharamulo na Geita, watu walioitwa Barongo walikuwa wayeyushaji. Hawakuwa kabila moja kwa asili. Walitoka koo na makabila mbalimbali, wakaunganishwa na kazi. Walihama kufuata mawe ya chuma na miti ifaayo kwa makaa, wakajenga tanuri, wakavukuta, wakapata chuma kilichofuliwa kuwa majembe. Majembe ya nchi hizi yalichukuliwa na wafanya biashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi hadi mbali kusini. Yalilimia, yalilipia mahari, yalikuwa mali ya kuwekwa. Jembe la Ulaya lilipoletwa kwa bei ndogo, kazi ile ilififia, na katikati ya karne ya 20 ilikuwa imebaki katika kumbukumbu za wazee. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt aliwakuta wazee waliokumbuka, akawaomba wajenge tanuri na kuyeyusha tena, akaandika walichofanya.

Mchungaji akisimama mbele ya habari hizi hawezi kuzipita kama ufundi mtupu. Wayeyushaji wa nchi za maziwa makuu waliihesabu tanuri kuwa kama mwanamke aliye na mimba. Walijitenga na wake zao wakati wa kazi, waliweka dawa chini ya tanuri, na chuma kilipotoka kilihesabiwa kuwa kimezaliwa. Wamisionari wengi waliyaweka hayo yote katika fungu moja na uchawi. Sisi twadhani walifanya haraka. Fundi anayechukua jiwe jekundu na kutoa ndani yake kitu kigumu chenye kung'aa anajua kwamba nguvu hiyo si yake peke yake, naye anajikataza raha ili aistahili. Kama huo si mwanzo wa mazungumzo ya kitheolojia, hatujui mazungumzo hayo yaanzie wapi.

Mwenye nafasi ya siku moja zaidi aweza kwenda kaskazini hadi Katuruka, karibu na Bukoba, mahali panapounganishwa na mfalme Rugomora Mahe katika masimulizi ya Wahaya. Wazee walisema kwamba hapo ndipo chuma kilipofuliwa zamani, chini ya mti wa Kaiija. Schmidt alichimba hapo kuanzia mwaka 1969, akapata mabaki ya uyeyushaji ambayo makaa yake yalipimwa na kuonekana kuwa ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Wataalamu wengine wamezitilia shaka tarehe za mwanzo kabisa, wakisema mti uliochomwa waweza kuwa mzee kuliko moto wenyewe. Hata tukiwapa haki wenye shaka, twabaki na kazi ya chuma iliyokuwapo siku nyingi kabla ya jiwe la kwanza la boma la Biharamulo, na twabaki na masimulizi ya wazee yaliyomwonyesha mchimbaji mahali pa kuweka jembe lake.

Kutoka Biharamulo barabara yaenda Lusahunga na Nyakahura, ikipita katika misitu na vichaka vinavyoungana na hifadhi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Wageni huambiwa kwamba hapa ni pori tangu kuumbwa kwa dunia. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mbung'o na malale, alieleza habari tofauti kwa nchi hizi za magharibi mwa ziwa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, njaa na maradhi vikafuata, watu wakapungua, mashamba na malisho yakarudi kuwa kichaka, mbung'o wakaingia, na malale pamoja nao. Serikali ya Waingereza ikawahamisha wengi waliobaki na kuwakusanya pamoja. Kwa hiyo kichaka chenyewe ni gofu. Mahali ambapo Mwitalia angeonyesha nguzo zilizovunjika, sisi twaweza kuonyesha miti, nasi twapaswa kusema ni nani waliolima pale.

Tunapita Benaco bila kusimama, maana tutarudi, na tunashuka hadi Rusumo, ambapo Kagera, ukiisha kuupokea mto Ruvubu, waanguka kwa kishindo katika mwamba. Maji haya huingia Ziwa Viktoria na kuwa Nile. Kaisari Nero, yule ambaye Paulo alipelekwa Rumi katika siku zake, alituma askari kutafuta chanzo cha Nile. Seneka aandika kwamba walifika kwenye mabwawa makubwa yasiyopitika wakarudi. Wataalamu hudhani ni mabwawa ya Sudani Kusini. Hapo ndipo Rumi ilipoikaribia Ngara kuliko wakati wowote, nasi twaona haikukaribia sana.

Mwezi wa Mei 1894 Mjerumani von Götzen alivuka hapa Rusumo akiingia Rwanda. Mwaka 1916 Wajerumani walichimba mahandaki wakijaribu kuwazuia Wabelgiji. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakapatana mipaka. Gisaka, ng'ambo ya mto, ilipewa Waingereza, kisha ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye. Bugufi, iliyokuwa chini ya mfalme wa Burundi, haikurudishwa; nayo sasa ni sehemu ya Ngara, na Wahangaza wake husema lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Kwa Walutheri mgawanyo huo una uchungu wake: Misioni ya Bethel iliyoanza Rwanda mwaka 1907 na Bukoba mwaka 1910 ilikuwa kazi moja ya watu wale wale, na vita hiyo ikaikata vipande viwili. Rwanda ilikabidhiwa Waprotestanti wa Ubelgiji.

Leo hapo pana daraja jipya, kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa mwaka 2016, na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwongozaji aliye na haraka atayaonyesha hayo na maporomoko, kisha atageuza gari. Hapa ndipo tunapotofautiana naye. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walilivuka daraja la zamani katika muda wa kama saa 24. Chini yao mto ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa, ukizipeleka hata ziwani, na wavuvi wa Uganda wakazizika.

Waliovuka walikaa Benaco. Jina hilo lilitokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Nalo ni jina la kale la ziwa ambalo Waitalia huliita Garda. Warumi waliliita Benacus, na mto utokao humo hupita Mantua, mji uliosimuliwa na wao wenyewe kwamba ulianzishwa na Waetruski. Hivyo jina la ziwa la Warumi lilikuja Ngara juu ya magari ya lami, kisha likawa jina la mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani. Mashirika ya misaada, na la kwetu la TCRS likiwa miongoni mwao, yaliwalisha na kuwatibu watu wale mpaka Desemba 1996, serikali ilipoamuru Wanyarwanda warudi, na umati ukalivuka daraja tena kwa upande wa pili.

Katika umati wa mwaka 1994 walikuwamo wanawake, watoto na wazee wasio na hatia. Walikuwamo pia wauaji. Hapo mwanzo chakula kiligawanywa kwa kufuata wilaya za nyumbani, chini ya viongozi wale wale. Mwezi wa Juni 1994, ilipotakiwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi, aondolewe kambini, kundi kubwa liliwatisha watumishi wa misaada. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2011. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo ng'ambo ya mto, alikuwa Benaco naye. Alihukumiwa mwaka 2004, na katika rufaa ya mwaka 2006 akafungwa maisha. Kati ya makosa yake ni mauaji ya Nyarubuye, ambako maelfu ya watu waliuawa katikati ya Aprili 1994 katika eneo la kanisa la parokia walilolikimbilia wakidhani mlango wa kanisa ungewaokoa. Waliobatizwa waliuawa na waliobatizwa.

Katika eneo la kanisa hilo leo pana mahali pa ukumbusho, napo si mbali na mpaka. Kwa hiyo twashauri kwamba vikundi vya wanafunzi wetu vinavyotembelea Ngara vichukue hati za kusafiria, vivuke Rusumo asubuhi, viende Nyarubuye, na jioni virudi Benaco, ambako sasa kuna soko, maduka na madereva wa malori wakila wali, na wengi wa vijana wanaouza hapo wamezaliwa baada ya kambi kufungwa.