Gesti, hoteli, loji: majina ya malazi ya bei nafuu

Majina ya malazi hayatofautiani kwa bei pekee. Kila jina hubeba pia sura ya jengo, aina ya mgeni na sifa yake mbele ya jamii. Mifano ifuatayo imetoka Arusha mjini na eneo la Mlima Meru, ambako mfanyabiashara wa vitunguu na mpanda mlima wa kigeni hutafuta kitanda usiku uleule, ila kwa maneno tofauti.

Gesti (ngeli ya I-ZI). Nyumba ndogo yenye vyumba vinavyolipiwa kwa usiku. Mjini Arusha nyingi zipo Kaloleni, Levolosi na mitaa mingine iliyo karibu na stendi. Chumba chenye choo na bafu ndani huitwa selfu; katika vyumba vya bei ya chini zaidi, choo na bafu ni vya pamoja. Mgeni huandika jina lake, atokako na aendako katika kitabu cha wageni. Tahadhari: katika mazungumzo, gesti huhusishwa pia na wapenzi wanaokodi chumba kwa saa chache. Kwa hiyo katika barua rasmi, hasa inayomwalika mzazi au kiongozi wa dini, afadhali kuandika nyumba ya kulala wageni.
Mfano: Wajumbe watalala katika nyumba ya kulala wageni iliyo jirani na ukumbi.

Hoteli (I-ZI). Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni jengo la malazi, aghalabu kubwa na la gharama. Ya pili, iliyoenea mitaani Tanzania na Kenya, ni mahali pa kula, ambapo huenda hapana kitanda hata kimoja.
Mfano: Tulikunywa chai na chapati hotelini, kisha tukarudi gesti.
Mfasiri asiyeijua maana ya pili humpeleka msafiri usiku penye meza na viti tu.

Loji (I-ZI). Mjini, kibao cha loji huweza kuwa cha gesti ya kawaida. Hifadhini au kandokando yake, loji ni malazi ya watalii, na bei yake huweza kuzidi ya gesti mara nyingi. Usa River, kwenye barabara ya Arusha hadi Moshi, aina zote mbili zipo. Neno peke yake, basi, halionyeshi bei.

Hosteli (I-ZI). Kwa Mtanzania, neno hili huleta kwanza picha ya makazi ya wanafunzi. Kwa msafiri, ni mahali pa kulipia kitanda katika chumba cha pamoja. Wanaofasiri kutoka Kihispania wajihadhari: nchini Hispania, hostal ni hoteli ndogo yenye vyumba vya faragha, penye vitanda vya pamoja huitwa albergue.

Kibanda (KI-VI). Kwenye Mlima Meru, wapandaji wanaoanzia lango la Momella hulala Miriakamba, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha Saddle, zaidi ya mita 3,500. Vibanda hivyo ni majengo imara yenye vitanda vya ghorofa. Anayevitaja kwa mara ya kwanza aandike kibanda cha wapanda mlima, kwa kuwa kibanda pekee humkumbusha msomaji genge la nyanya, na banda humkumbusha kuku.

Kufikia. Kitenzi cha kawaida cha kueleza mgeni amepata malazi wapi.
Mfano: "Umefikia wapi?" "Nimefikia kwa shangazi, Sakina."
Kitenzi hiki hakibainishi kama mgeni analipa au anakaribishwa, hivyo kinafaa pale matini asilia yasipotaja aina ya malazi.

Kabla ya kuchagua jina, mfasiri ajiulize mambo matatu: je, pana kitanda? Chumba ni cha faragha au cha pamoja? Na mgeni mwenyewe angependa barua yake itaje jina lipi?