Nani alitufundisha kuchunga miti? Historia fupi ya elimu ya misitu midogo huku Kivu



Leo nataka tuongee historia, lakini si ya wafalme wala ya mapigano. Ni historia ya mtu mwenye kipande kidogo cha miti. Unamujua. Ni mjomba wako kule Lubero mwenye nusu hekta ya mikaratusi nyuma ya nyumba. Ni mama wa Masisi aliyezungusha shamba lake na grevilea. Ni mzee wa Rutshuru aliyelipa minerval yako na pesa ya makala. Wengi wetu tulisomeshwa na miti. Mti ulianguka, sisi tukapanda auditoire.

Swali langu ni hili: yule mzee, nani alimufundisha kuchunga miti yake? Kwa luga gani? Na kwa faida ya nani?

Mimi nilisoma historia, si agronomia. Kwa hiyo nafuata tarehe na sheria, na nasikiliza wazee. Ukiweka tarehe hizo kwa mstari, unaona kitu: karibu miaka 100 elimu ya miti ilimufikia mwenye shamba kwanza kama amri, kisha kama mradi. Mara chache sana ilimufikia kama kitu chake, cha kuweka ndani ya nyumba na kufungua wakati anakihitaji.

Elimu yenye chikoti

Tuanze na Februari 1917. Serikali ya wakoloni Wabelgiji inatoa sheria inayoruhusu watawala kulazimisha wanakijiji kulima mimea fulani. Tarehe 5 Desemba 1933 linakuja dekreti lingine juu ya utawala wa vijiji: kila mwanaume mwenye nguvu anaweza kulazimishwa kazi hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita kuu ya pili, 1942, siku zinafika 120.

Na kazi hizo ziliitwa namna gani? Ziliitwa kazi za elimu. Soma tena pole pole. Mtu analima pamba chini ya usimamizi, akikosa analipa faini ao anaingia gereza, na gereza ilikuwa na chikoti yake. Lakini ku karatasi imeandikwa kwamba anaelimishwa.

Huku milimani Kivu, miaka ya 1940 na 1950, elimu hiyo ilikuja pia na mitaro ya kuzuia mmomonyoko na mistari ya miti juu ya vilima. Kama fundisho, lilikuwa na akili. Udongo wa mteremko ukiachwa wazi unashuka na mvua, hilo hata mtoto wa Lubero anajua. Lakini moniteri alikuja kuhesabu mitaro, hakuja kueleza. Wazee wanasema hivi: "Walituonesha pa kuchimba, hawakutuambia juu ya nini." Njo maana, uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, sehemu mingi watu waliacha ile mitaro ijae. Walikuwa wanakataa fimbo, na elimu ikatupwa pamoja na fimbo.

Wakati ule ule, elimu ya kweli ilikuwa inaandikwa mahali pengine. INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo, kiliundwa mwaka 1933, kituo chake kikubwa kikiwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Kilikuwa na kituo Mulungu pia, huku Kivu ya Kusini. Wataalamu walipima miti, walijaribu mbegu, wakachapa vitabu vingi vya maana. Vyote kwa Kifaransa. Mwaka ule mmoja wa 1933 ulizaa vitu viwili: maktaba kwa watu wa chuo, na siku 60 kwa mwanakijiji.

Mti kama hati ya shamba

Twende Zaire. Tarehe 20 Julai 1973 inatoka sheria ya ardhi. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi kabisa. Na zile ardhi za vijiji? Sheria ilisema haki za wenyeji zitapangwa na ordonansi ya raisi. Ile ordonansi haikutoka.

Sasa weka kichwa chako mahali pa mkulima wa mwaka 1974. Huna karatasi. Mwami anaweza kukupa shamba leo na kesho kumupa mwingine. Mwenye pesa anaweza kuja na hati kutoka muji. Unafanya nini? Unapanda miti. Maharagwe yanaisha kwa miezi 3, lakini mkaratusi unasimama miaka, na jirani wote wanajua nani aliupanda. Mti ukawa hati isiyo na stempu.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kukodisha shamba mpaka leo anakatazwa kupanda miti. Mwenye shamba anajua: ukimuachilia apande mti, kesho atasema ni kwake. Na wanawake wengi wanakutana na ukuta ule ule, juu shamba liko kwa jina la bwana ao la kaka. Kwa hiyo tukisema "watu hawapendi kupanda miti", tuulize kwanza kama wanaruhusiwa.

Wakati wa miradi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, WWF ilianza kazi ya elimu ya mazingira kandokando ya Hifadhi ya Virunga, ile hifadhi iliyoundwa mwaka 1925. Ilileta pepinieri za miti na mafundisho ku mashule. Wakubwa wetu wa Goma na Rutshuru wanakumbuka kupanda miche wakiwa na uniforme.

Halafu ikafika 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Kibumba, Mugunga, Katale na Kahindo, kando kabisa ya hifadhi. Watu wale walihitaji kupika, na pori lilikuwa hapo. Miaka 2 ilitosha kwa kuharibu eneo kubwa ambalo miti yake ilichukua vizazi kukua. Tangu hapo, kila vita imerudia somo lile: mtu mwenye njaa hachagui kuni.

Mwaka 2002 ni wa kuangalia karibu. Tarehe 17 Januari Nyiragongo inalipuka, moto unapita kati ya Goma, na watu wanajenga upya kwa mbao juu ya mawe meusi. Ile mbao ilitoka ku vilima vya watu. Mwezi wa pili Radio Okapi inaanza kusema, Kiswahili kikiwa ndani. Na tarehe 29 Agosti inatoka sheria mpya ya misitu.

Sheria hiyo iko na kifungu cha 9 ambacho kila mwenye miti angepaswa kukijua kwa moyo. Kinasema kwamba miti iliyo ndani ya kijiji ao karibu yake, ao ndani ya shamba la pamoja ao la mtu mmoja, ni mali ya kijiji ao ya mwenye lile shamba, na anaweza kuiachia mtu mwingine. Kwa maneno mengine, udongo ni wa Leta, lakini mti uliosimama ku shamba lako ni wako. Mara ngapi umesikia mkulima akizuiwa barabarani na mbao zake, akaulizwa "miti hii ni ya nani?", akalipa juu hakuwa na jibu? Jibu liko ndani ya sheria tangu 2002. Lakini liko kwa Kifaransa, ndani ya Journal officiel.

Mwaka 2007 ukaja mradi EcoMakala. Mwezi wa saba mwaka ule, gorila kadhaa waliuawa ndani ya Virunga, na biashara haramu ya makala ikatajwa dunia nzima. Wazo la EcoMakala lilikuwa la wazi: makala mingi ya Goma inatoka ndani ya hifadhi, basi watu wapande miti yao inje ya hifadhi. WWF, na pesa ya Umoja wa Ulaya, ilifanya kazi na vyama vya wenyeji. Mpandaji alipata miche na mafunzo, na malipo kidogo kidogo akionesha kwamba miti imeshika. Maelfu ya hekta zilipandwa. Tuseme ukweli: hiyo ni kazi kubwa, na tofauti na 1933 hapakuwa fimbo.

Lakini mradi uko na mwanzo na mwisho, na mti hausomi kalendari ya mfadhili. Animateri anakuja wakati wa kupanda. Wakati wa kukata, miaka 6 ao 7 baadaye, pengine ameshaenda ku mradi mwingine. Mkulima anabaki peke yake mbele ya mti uliokomaa na muchuuzi mwenye pesa mkononi. Na pale njo elimu inahitajika zaidi.

Mambo matatu yangeenea ku karatasi moja

La kwanza ni hesabu ya kupanda. Hekta moja ni metre 10 000 za mraba. Ukipanda kwa metre 2,5 kila upande, unapata miti 1 600. Ukipanda kwa metre 3, unapata 1 111. Mwenye kutafuta kuni na vijiti anaweza kubana. Mwenye kutafuta mbao apanue, ao apunguze miti mibaya katikati ili mizuri inenepe.

La pili ni kamba. Muchuuzi ananunua "kwa macho", na macho yake yanaona vizuri kuliko ya muuzaji. Chukua kamba, zungusha mti kwa kimo cha kifua, metre 1,30. Gawanya kwa 3,14. Kamba ya santimetre 63 ni mti wenye upana wa santimetre 20. Na mti wa santimetre 20 hauzidi ule wa 10 mara mbili: kwa urefu ule ule uko na mbao mara nne, na kwa kawaida uko mrefu zaidi. Mzazi anayeuza miti ya miaka 3 juu ya minerval anauza robo ya kile angepata akingoja. Siwezi kumulaumu, mtoto amefukuzwa ku shule leo. Lakini akijua hesabu hiyo, anaweza kukata mstari mmoja tu na kuacha mingine ikue.

La tatu ni kisiki. Mkaratusi ukikatwa unarudi, lakini si namna yoyote. Ukate chini, kwa msumeno ao panga lenye makali, mkato uwe na mteremko kidogo ili maji yasikae. Machipukizi yakitoka mengi, acha 2 ao 3 yenye nguvu, toa mengine. Hivyo unavuna tena bila kununua miche. Na usipande mikaratusi ku chemchemi, juu inakunywa maji mingi. Pale tafuta miti ya kienyeji.

Hakuna siri ndani ya mambo hayo. Yako ndani ya vitabu, na yako ndani ya TFC na memwari zetu. Nilipitia rafu za maktaba ya chuo kikuu kimoja cha hapa kwetu: kazi juu ya mikaratusi, juu ya makala, juu ya grevilea na kahawa, mwaka kwa mwaka, na vumbi juu yake. Mwanafunzi alienda kijijini, akauliza maswali, akapima miti ya mzee, akarudi muji, akatetea, akapewa "distinction". Yule mzee hakupata hata ukurasa mmoja.

Hapo njo nakasirika kidogo. Tunapenda kusema mkoloni aliandika juu yetu kwa luga yake na kwa faida yake. Ni kweli. Lakini memwari yangu na yako inatofautiana wapi na kitabu cha 1933, kama mwenye miti hawezi kukisoma?

Tufanye nini

Nchi yetu inaadhimisha siku ya mti kila tarehe 5 Desemba. Tarehe ni ile ile ya lile dekreti la siku 60. Sidhani ni kwa kusudi, lakini mwanahistoria hawezi kupita bila kuona. Siku hiyo viongozi wanapanda mche mbele ya kamera. Sisi tupange kitu kingine.

Kila mmoja wetu aliyeandika juu ya miti, udongo, makala ao sheria ya ardhi, atoe ndani ya kazi yake kurasa 2 za Kiswahili, ile Kiswahili ya kwetu, pamoja na michoro. Wa sheria waandike kifungu cha 9 kwa maneno ambayo mama wa soko anaelewa. Tangu Agosti 2014 iko pia dekreti 14/018 inayoruhusu kijiji kuomba msitu wake wa pamoja hadi hekta 50 000, nayo itafsiriwe. Wa agronomia washike kamba na kisiki. Wa mawasiliano wapeleke ku redio za kijijini, juu wazee wengi wanasoma kwa masikio. Na kabla ya kuchapa, tumusomee mwenye miti mmoja. Akisema "hapa sijaelewa", tunarudia sisi, si yeye.

Mimi nitatoa kurasa zangu 2 juu ya historia ya mipaka na miti ya mipaka, juu najua mashauri mangapi yanaanzia pale. Nani anafuata?