Mwani wa Mabwawa ya Samaki katika Nyanda za Juu Kusini

Mwani wa mabwawa ni viumbe vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, vingi vikiwa vidogo mno kuonekana kwa macho. Katika mabwawa ya perege yaliyochimbwa mabondeni mwa Mbeya na Iringa, mara nyingi jirani na vinyungu (bustani za mabondeni), mwani ndio chakula cha kwanza cha samaki, na ndio unaoweza kuwamaliza kwa usiku mmoja. Usichanganywe na mwani wa baharini unaolimwa kwa kamba Unguja na Pemba tangu 1989. Huu wa bwawani haupandwi na mtu: huletwa na upepo, maji ya mfereji na miguu ya ndege.

Aina tatu humhusu mfugaji. Wa kwanza huelea na kuyapa maji rangi ya majani machanga. Huo ndio unaotakiwa. Wa pili ni mwani wa nyuzi, unaoota sakafuni pale maji yanapokuwa maangavu na ya kina kifupi, kisha ukapanda juu kama mablanketi yaliyolowa. Hunyang'anya rutuba na kunasa vifaranga. Wa tatu ni ule wa bluu-kijani, kama Microcystis, ambao kwa hakika ni bakteria. Hutanda juu ya maji mithili ya rangi ya mafuta iliyomwagika, na baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini, isiyoondoka kwa kuchemsha maji. Bwawa lenye utando wa namna hiyo lisinyweshe ng'ombe wala mbwa.

Mwani hauui samaki kwa kuwapo tu. Mchana hutoa oksijeni. Usiku huivuta pamoja na samaki na matope. Ukizidi, oksijeni hufikia kiwango cha chini kabisa alfajiri, na samaki huonekana wakihema juu ya maji. Mwinuko huongeza hatari. Maji ya nyuzijoto 20 pwani hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya joto hilohilo hubeba kama 7.5 tu. Siku za mawingu mazito, kati ya Desemba na Machi, ni za kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mwani hukosa jua la kutengenezea oksijeni huku ukiendelea kuivuta.

Chanzo cha mwani kuzidi ni naitrojeni na fosforasi: samadi iliyopitiliza, mbolea ya mahindi inayosombwa na mvua kutoka mashamba ya juu, na pumba zisizoliwa. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Perege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hupoteza hamu ya kula, na karibu na 16 huacha kukua. Mwezi wa Juni na Julai mabwawa mengi ya nyanda hizi hushuka kiasi hicho, lakini ndoo ya pumba huendelea kumiminwa kila asubuhi kama kawaida. Chakula hicho huzama na kuoza polepole. Jua la Septemba na Oktoba likiwaka, maji yakiwa yamepungua, rutuba yote hiyo hugeuka mwani. Kupunguza chakula wakati wa baridi kunafaa kuliko dawa yoyote ya baadaye.

Kipimo cha nyumbani ni mkono. Kiganja hutumbukizwa polepole: kikipotea maji yanapokaribia kiwiko, yaani sentimita 30 hadi 40, rangi inatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, samadi na chakula visimamishwe na maji mapya yaingizwe. Kikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, bwawa lina njaa, nao mwani wa nyuzi utapata nafasi ya kuota. Maji yaliyochafuka kwa udongo hayapimwi hivyo.

Mwani wa nyuzi huvutwa kwa reki au kwa fito na kutupwa kwenye mboji, mbali na ukingo. Bwawa la kina cha mita moja hivi, lisilo na kingo za maji mafupi, huusumbua zaidi, kwani mwanga haufiki sakafuni. Samaki wenyewe husaidia kwa mwani unaoelea: utafiti wa Ziwa George nchini Uganda, miaka ya 1970, ulionyesha kuwa tindikali ya tumbo la sato, samaki wa jamii ya perege, hufikia pH 1.4, kali kiasi cha kupasua seli za mwani wa bluu-kijani. Sato mwenye baridi, hata hivyo, hali chochote.

Mrututu (salfeti ya shaba) huua mwani, na kwa sababu hiyo hushawishi. Katika maji laini ya udongo mwekundu wenye tindikali, shaba yake huwa sumu kali kwa samaki wenyewe. Tena mwani uliokufa kwa mkupuo huoza na kumaliza oksijeni iliyosalia. Bwawa dogo la chakula cha nyumbani halistahili kuwekwa katika hatari hiyo.

Baada ya mavuno bwawa hukaushwa mpaka sakafu ipasuke, matope meusi yakachotwa, kisha chokaa ikanyunyizwa kabla ya maji kurudi. Matope hayo, yaliyobeba fosforasi ya msimu mzima, hupelekwa kwenye vinyungu vya jirani, chini ya usawa wa bwawa, ili mvua isiyarudishe.