Kutoka Daftari la Kituo cha Afya hadi Seva: Historia Fupi ya Uhakiki wa Fomu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Insha hii inajadili daftari la aina mpya, yaani fomu ya wavuti, na jinsi programu iliyo kwenye seva inavyopokea na kuhakiki majibu mengi yanayotumwa kwa pamoja. Hoja yangu ni kwamba uhakiki haukuanza na kompyuta. Ulihama kutoka mikononi mwa karani, na kila ulipohama palikuwa na kitu ambacho kingeweza kupotea njiani. Mfano wangu mkuu ni takwimu za afya nchini Uganda.

Tuanze na karatasi. Kila mwezi vituo vya afya nchini Uganda hujaza fomu iitwayo HMIS 105, ambayo ni ripoti ya wagonjwa wa nje. Sehemu kubwa ya fomu hiyo ni jedwali: kila ugonjwa una mstari wake, na idadi ya wagonjwa hugawanywa kwa umri na jinsia. Ikiwa makundi ya umri ni manne, kila ugonjwa huwa na visanduku 8. Enzi za karatasi, fomu ilipelekwa wilayani, na karani wa huko ndiye aliyekuwa mhakiki. Aliweza kuona idadi isiyowezekana na kuuliza. Hata hivyo, wilaya ilijumlisha fomu za vituo vyote kabla ya kuzipeleka wizarani, hivyo kosa la kituo kimoja lilimezwa na jumla.

Wakati huohuo, teknolojia ya wavuti ilikuwa ikikua kwingineko. Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf alitoa hadharani zana zilizozaa lugha ya PHP, ambayo hadi leo wanafunzi wengi huanza nayo. Katika lugha hiyo, jina la kisanduku likimalizikia kwa mabano ya mraba, kwa mfano wagonjwa[], majibu yote yenye jina hilo huifikia seva yakiwa safu moja. Safu ni mkusanyo wa thamani chini ya jina moja, kila thamani ikiwa na ufunguo wake.

Matoleo ya mwanzo ya PHP yalimwamini mno mtumaji. Kila jina lililotumwa na fomu liligeuka moja kwa moja kuwa kigeu ndani ya programu, hivyo mtu mwenye nia mbaya aliweza kupenyeza jina lake mwenyewe. Tabia hiyo ilizimwa katika mipangilio ya kawaida mwaka 2002, toleo la 4.2.0, na ikaondolewa kabisa mwaka 2012, toleo la 5.4. Katikati, mwaka 2006, toleo la 5.2 lilileta vichujio vya kuhakiki data.

Tukio jingine muhimu lilikuwa Desemba 2011. Katika mkutano uliofanyika Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba fomu moja yenye majina mengi yaliyochaguliwa kwa hila inaweza kuielemea seva. Mwezi uliofuata, PHP 5.3.9 iliweka kikomo cha thamani 1000, nacho bado ndicho cha kawaida. Dawa hiyo ilileta madhara yake. Chukua jedwali la magonjwa 126 lenye visanduku 8 kila mstari: jumla ni 1008. Seva itapokea 1000, na mstari wa mwisho wote utakatwa. Onyo huandikwa upande wa seva, lakini aliyejaza fomu anaweza asilione kamwe.

Mtego wa pili ni visanduku vya kuweka alama ya vema. Kisichowekwa alama hakitumwi kabisa na kivinjari. Ikiwa safu haina funguo zilizotajwa waziwazi, alama ya mgonjwa wa tatu huweza kuhamia kwa wa pili. Kwa hiyo kila mstari uandikiwe ufunguo wake, na seva iulinganishe na orodha inayoijua yenyewe.

Mwaka 2012 Uganda ilianza kueneza DHIS2, mfumo wenye asili yake Afrika Kusini baada ya 1994. Mfumo huu umeandikwa kwa Java na ulichukua njia tofauti: katika ukurasa wake wa kuingizia data, kila kisanduku kilihifadhiwa peke yake na kugeuka kijani kilipopokelewa. Kisha kanuni za uhakiki hulinganisha visanduku. Kwa mfano, waliothibitishwa kuwa na malaria hawawezi kuzidi waliopimwa. Hapa karani wa zamani amerudi, safari hii akiwa kanuni. Aidha, takwimu za kila kituo huonekana zenyewe badala ya kumezwa na jumla ya wilaya.

Historia hii inatufundisha utaratibu. Seva ihakikishe kwanza kwamba kilichofika ni safu kweli, kisha kwamba idadi ya thamani ni ile inayotarajiwa, kwamba kila ufunguo unajulikana, kwamba kila thamani ni namba nzima isiyo hasi, na mwisho kwamba mistari haipingani. Uhakiki wa kivinjari humsaidia mjazaji, lakini hauilindi seva, kwa sababu mtu anaweza kutuma data bila kupitia fomu.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote: kisanduku kitupu si sifuri. PHP ikilazimishwa kugeuza maandishi matupu kuwa namba, hutoa 0. Kituo kilichoishiwa vipimo vya malaria kitaonekana kama kituo kisicho na malaria, na anayepanga mgao wa dawa kwa kuangalia takwimu hizo atakipa kidogo. Karani aliyeshika karatasi angeona nafasi iliyoachwa wazi na kuuliza sababu. Programu tunazoandika sisi zinapaswa kuuliza vilevile.